Mengineyo

Mimi ndiye katibu. Naandika tarehe, mahudhurio,
nani kafungua kwa dua, tumekubaliana nini.
Harufu ya karafuu mbichi majamvini haimo kwenye muhtasari,
wala Bi Raya Kombo alivyosimama,
mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kawa la vitumbua,
akamwambia sheha: "Hatukuja kuomba.
Tumekuja kusomewa sheria."

Sheha akacheka. Kisha akatafuta miwani.

Jambo lenyewe, kwa wa mjini, lilikuwa dogo.
Hoteli mpya ya Mtambaani imeomba leseni ya ulevi,
na kutoka dirisha la baa hadi chuo cha Maalim Khatib
ni hatua mia na sabini.
Nimezipiga mwenyewe, na buibui langu, jua la saa saba,
mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza
mbuzi wa watu alinipotezea hesabu.

Walituita watu wa zamani.
Kijana wa wilayani, kalamu mbili mfukoni,
alitwambia dunia inakwenda mbele.
Mbarouk, fundi cherehani, akamjibu taratibu
kama anayetunga uzi kwenye tundu ya sindano:
"Na iende. Sisi twauliza tu inapita ua wa nani."

Basi tukajifunza.
Kwamba diwani ana kiti, na kiti kina kura,
na kura huanzia tawini, kwenye mkutano
ambao miaka yote wakihudhuria watu saba,
mmoja wao kalala.
Tukaenda mia na tisa.
Wenye tawi wakadhani kuna msiba.
Tukakaa mpaka karatasi ya mwisho ikasomwa,
maana Bi Raya alisema kura ni maziwa motoni,
ukigeuza shingo tu, yamemwagika.

Mbarouk akapita. Koti la kuapia alilishona mwenyewe;
mkono wa kushoto ulikuwa mfupi kidogo.

Nikazunguka na karatasi nyumba kwa nyumba.
Wasioandika walitia dole gumba,
wino wa zambarau ukakaa siku tatu
kwenye unga, kwenye mashavu ya watoto.
Wengine walikataa, na ni haki yao.
Biubwa wa dukani alisema: "Time,
wageni hao ndio wanunuzi wa maji yangu.
Mola hakunipa pwani akaniambia niitazame tu."
Sikuwa na jibu. Hilo nalo sikuliandika.

Na mwanangu Nassor alikuwa akichukua trei pale pale hotelini.
Shati jeupe, vifungo sita.
Bati la jiko letu lilitoka kwenye trei ile.
Hatukulizungumza. Nyumba ndogo,
tulipishana mlangoni kila mtu na maneno yake mdomoni.

Sita kwa watano, baraza likakataa leseni.
Nje wakapiga takbiri. Mie nikahesabu karatasi,
na ukurasa wa tisa, mstari wa mwisho,
chini ya dole la Bi Kibibi,
nikauona mwandiko ninaoujua
tangu ulipokuwa ukikosea ng' na ng:
Nassor Hamad Shoka. Kazi: mhudumu wa hoteli.

Mwezi ule walipunguza watu kumi na mmoja.
Alirudi alasiri, akavua shati,
akalifua mwenyewe, povu mpaka viwikoni.
Nikasema, "Ungeniambia."
Akasema, "Si ulikuwa ukikiuliza kijiji?
Kwani mie si kijiji?"

Kikao kijacho ni Jumapili.
Ajenda ni paa la skuli, na mkunga wa kituo
ambaye tangu Rajabu hatujamwona.
Mbarouk keshatia saini, kanirejeshea daftari.
Nimeongeza Mengineyo, kwa kalamu hiyo hiyo,
nikaacha chini yake nusu ukurasa mtupu.

Shati bado limo kambani.
Limeshakauka zamani. Hakuna anayelianua.